Rota ya Pijo

Fundi Omollo alishika ncha ya turubai, akageuka. "Mama Ciru, nivute ama tuombe kwanza?"

"Nimeshaomba," Wanjira akasema. "Vuta."

Turubai likateremka na vumbi la miaka kumi na minne, na Pijo 504, gari la marehemu mumewe Norman, ikatokeza pua, magurudumu yamebonyea kama mtu aliyechoka kusimama. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Paka alikuwa amezalia kwenye kiti cha nyuma. Wanjira aliitazama mara moja tu, akaketi kwenye stuli mlangoni mwa banda, akatoa sindano zake na sweta ya shule aliyokuwa ameifikisha kwapani, akaendelea kufuma. Hakuwa na nia ya kuondoka hapo. Nusu ya mtaa wa Riruta ilikuwa imemwonya: gari la zamani usimwachie fundi hata dakika moja, atakunyofolea vipuri vya asili akuwekee takataka. Basi akaamua atakaa. Macho anayo, na kazi yake ni ya kubebeka.

"Sasa utanichunga hivyo kama mtihani ya taifa?" Omollo akacheka. Alikuwa mzee wa mvi kidevuni, karakana yake ni kipande cha uwanja nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, na upande ule wa mji hakuna aliyezijua Pijo kumshinda.

"Nakuchunga zaidi ya hivyo. Mtihani huisha."

Lililomleta fundi ni harusi. Ciru, binti wa pekee wa Wanjira, alikuwa anaolewa na kijana aitwaye Nashon, na alikuwa amekataa magari yote ya kukodi. "Mum, nataka niende kanisa na gari ya Daddy. Hiyo tu." Wanjira alikuwa amekataa mara tatu. Mara ya nne akakubali, na si kwa sababu ya harusi peke yake. Alikuwa na sababu yake, ambayo hakumwambia mtu. Alitaka kujua ni nini hasa kiliiua ile gari.

Maana watu walikuwa wanajua. Walikuwa wanajua ni yeye.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi moja, Ciru akiwa bado darasa la nane, Wanjira aliendesha Pijo hadi soko la Kawangware kuchukua kabeji na viazi vya chakula cha vijana wa kanisa. Enzi hizo wanawake wa pale waliokuwa wakiendesha gari walihesabika, na mama mkwe wake hakupenda kumwona nyuma ya usukani. Alipakia magunia, akarudi, akaegesha, na gari lilikuwa zima. Kesho yake, Jumapili, saa tatu asubuhi, watu wote wamevaa, Norman akashika kifua akiwa bado anafunga tai. Jamleck, mdogo wake, alikuwa amekuja waende kanisani pamoja. Jamleck ndiye aliyejua magari. Akaingia, akazungusha ufunguo. Nga-nga-nga-nga. Akazungusha tena. Nga-nga-nga. Akafungua boneti, akainama humo kitambo, majirani wamezunguka na Biblia zao makwapani. Alipoinuka alikuwa na jasho. Akasema, "Koili imeungua. Nani aliendesha hii gari jana?"

Macho yote yalijua pa kwenda.

"Uliacha ufunguo umewashwa ukipakia, Mama Ciru," Jamleck akasema. "Koili huungua hivyo."

Wanjira alikumbuka kutoa ufunguo. Alikumbuka kuufunga kwenye pindo la leso yake, kama kawaida, mafundo mawili. Lakini mumewe alikuwa chini sakafuni, midomo imegeuka rangi, na kumbukumbu ya mtu kwa saa kama ile ni kama maji kwenye kiganja. Walitafuta gari mtaa mzima. Wenye magari walikuwa wameshaenda makanisani. Mwishowe wakapata pikapu ya mboga, wakamlaza Norman juu ya magunia, na walipofika hospitalini Upper Hill daktari alimpima kisha akavua miwani. "Nusu saa mapema, mama," akasema, "saa hii tungekuwa tunaongea mengine."

Nusu saa. Wanjira aliibeba ile nusu saa miaka kumi na minne. Mama mkwe hakunywa tena chai ya mkono wake. Alipougua, Wanjira ndiye aliyemwosha, akamgeuza kitandani, akamfulia shuka, lakini uji mzee aliupokea kwa Ciru tu. Akafa hivyo, mwaka wa tatu sasa. Gari lilifunikwa siku ya maziko na hakuna aliyetaka kuligusa. Liliitwa lile lililomwangusha Norman. Na kila Jumapili, watu wakiinamisha vichwa kuungama, Wanjira alikuwa na neno lake moja tu: Bwana, nisamehe ule ufunguo.

Omollo hakuharakisha. Siku ya kwanza alikimbiza paka, akamwaga petroli ya kale iliyonuka kama vanishi, akatoa plagi nne, akatia oili kidogo kwenye kila tundu, akasema ilale na hiyo. "Injini ikikaa sana ni kama goti ya mzee. Ukiinyoosha kwa nguvu, unavunja." Siku ya pili akaingiza spana mbele, akaisukuma kwa mkono, pole pole, huku akiisemesha kwa Kijaluo. Ikakwama. Akangoja. Akasukuma tena, na injini ikazunguka na mguno mmoja mzito.

"Umesikia? Imekohoa. Mgonjwa akikohoa ako hai."

Ni siku hiyo alipofungua kabureta na kumwita. "Mama, hebu kuja. Hii rangi ni ya nini?"

Wanjira akainama. Chini ya kabureta kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, na kando yake herufi W. Kwenye pampu ya petroli, nukta nyingine na W nyingine. Akahisi kicheko na kilio vinapanda pamoja.

"Ni kuteksi yangu," akasema.

"Wewe? Mama wa kanisa na kuteksi?"

"Norman alininunulia. Mwaka wa kwanza wa ndoa. Niliona haya kuipaka kuchani, hao akina mama wangenila mzima. Sasa kuna fundi siku moja alimbadilishia kifaa akamwekea kilichochakaa, akakasirika, akachukua ile chupa akatia alama kila kitu. Akaandika jina langu. Akasema mwizi akiona jina la mwanamke ataogopa."

Omollo alicheka mpaka akashika mgongo. "Huyo mzee alikuwa mjanja. Basi leo huwezi sema nimekuibia. Ukiona hakuna W, nishike shati."

Siku ya tatu akaleta betri mpya, akachomoa waya wa katikati wa koili, kile kifaa cha kutoa cheche, akaushika na koleo karibu na chuma, akamwambia Wanjira ageuze ufunguo. Cheche ya bluu ikaruka, tap, tap, tap.

"Koili ni sawa," Omollo akasema.

Sindano zilikuwa zimesimama mikononi mwa Wanjira. "Hiyo ni mpya?"

"Hapana. Ni ileile ya gari. Angalia, W yako hii hapa."

"Lakini iliungua."

"Nani alisema?"

Omollo akaijaribu tena, akaifuta, akaigeuza kwenye mwanga. "Mama, hii koili ni nzima kuliko moyo yangu. Haijawahi kuungua. Koili ikiungua haifufuki, si Lazaro." Kisha akafungua vibanio viwili vya distributa, akainua kifuniko chake, akatazama ndani. Akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa kikavu.

"Nini?" Wanjira akauliza.

"Rota haimo." Alimwonyesha mahali. Palikuwa na kijiti cha chuma kinachosimama katikati, uchi. "Hapa huvaliwa kitu kidogo hivi, kama kofia. Ndiyo hugawa moto kwa plagi. Bila hiyo utazungusha stata mpaka betri ife, haiwaki ng'o. Hii gari haikuharibika, Mama Ciru. Kuna mtu aliitoa. Wazee wa zamani walikuwa wanafanya hivyo, unalala na rota mfukoni mwizi asiende na gari. Pengine mzee mwenyewe aliitoa akasahau."

Wanjira akarudi kwenye stuli. Norman hakuwa na tabia hiyo. Lango lao lilikuwa na kufuli mbili. Na mifuko ya nguo alizokufa nazo aliikagua yeye mwenyewe, mbele ya nesi: leso, kitana, bahasha ya sadaka. Hakuna kingine. Suruali zake zote alizifua kabla ya kuzigawa, na yeye hafui nguo bila kupekua mifuko.

Jioni hiyo alimpigia Jamleck simu. Jamleck ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, na ndiye ambaye angesimama badala ya baba kumkabidhi Ciru, maana Norman hakuwa na ndugu mwingine aliye hai. Akaja akiwa na shati la ofisini na viatu vinavyong'aa, akamkuta Omollo akiosha mikono.

"Inakuja?" akauliza.

"Inakuja, mkubwa. Rota tu ndiyo haimo."

Wanjira alikuwa anamimina chai. Aliona mkono wa Jamleck unaishia njiani ukielekea kikombe. Jambo dogo. Lakini yeye ni mtu wa kuona.

"Haimo?" Jamleck akasema. "Labda ni panya."

"Panya!" Omollo akapiga makofi. "Panya wa Riruta siku hizi wanafungua vibanio viwili, wanakula rota, wanarudisha kifuniko na kufunga! Hao wapelekwe chuo."

Wanjira hakucheka. Jamleck alicheka sana.

Omollo alizunguka Grogan siku mbili nzima, duka kwa duka, kote kunakouzwa vipuri mjini, akarudi mikono mitupu. Za Toyota zilikuwepo tele, za Pijo mpya zilikuwepo, lakini ya distributa ile ya kale hakuna. Zilikuwa zimebaki siku nne. Ciru alipopiga simu kutoka kazini sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Ndipo Jumatano asubuhi Jamleck akafika na kitu kimefungwa kwa karatasi ya kaki.

"Nimeipata," akasema. "Huko huko Grogan. Unajua kutafuta ni kujua mtu."

"Duka gani?" Omollo akauliza. "Niende niwasalimie."

"Kwa jamaa fulani tu." Simu yake ikalia, akatoka kusimama langoni kuipokea.

Omollo alifungua karatasi. Rota ilikuwa nyeusi kwa mafuta yaliyokauka. Akaichovya kwenye mkebe wa petroli, akaisugua kwa mswaki wa zamani, akaigeuza upande wa ndani, akasugua tena. Kisha mkono wake ukasimama. Aliinuka, akaja mpaka kwenye stuli, akaiweka mapajani mwa Wanjira juu ya sweta, upande wa ndani ukiangalia juu.

Nukta nyekundu. Na W.

Kutoka langoni sauti ya Jamleck ilisikika ikiongea juu ya mahema na viti.

"Mama," Omollo akasema polepole, "Grogan hawana kitu ya mzee wako."

Wanjira aliishika ile rota. Ilikuwa nyepesi, inatoshea kiganjani kama kifuniko cha chupa. Mwandiko wa Norman. W yake ilikuwa na mkia kila mara, hata kwenye orodha ya sukari na chumvi. Miaka kumi na minne ilikuwa imekaa mahali, kwenye droo ya mtu, kwenye mkebe wa mtu, na mtu huyo alikuwa amekula kwake kila Krismasi.

"Ivalishe," akasema.

"Mama Ciru..."

"Ivalishe, Omollo. Mtoto anaolewa Jumamosi."

Injini iliwaka kwa jaribio la pili. Ilikohoa moshi mweupe ukajaza banda, ikatetema, kisha ikatulia kwenye ule mlio wake wa zamani, mlio mpole wa cherehani, ambao Wanjira alikuwa akiusikia kutoka jikoni na kujua aongeze sahani. Jamleck akaja mbio. Akasimama mbele ya gari, akafunika uso, akalia. Majirani waliochungulia juu ya ua walisema, tazama jinsi alivyompenda ndugu yake.

Wanjira hakumuuliza siku hiyo. Aliomba kwanza. Alhamisi akamwita Jamleck peke yake, akamwekea chai na viazi vitamu, akaketi mbele yake.

"Baba Cate," akasema, "rota ina jina langu."

Jamleck alishusha kikombe. Hakukana, hilo lazima lisemwe. Alikizungusha mpaka chai ikashika utando, halafu maneno yakaanza kutoka moja moja. Jumamosi ile aliomba gari aende nalo kwa wakwe zake Jumapili. Norman akakataa, akasema Jumapili gari ni la kanisa. Walijibizana. Jioni, watu wakiwa ndani, alifungua boneti akachomoa rota. "Nilisema kama siendi nayo, hakuna mtu ataenda nayo. Hasira tu, Mama Ciru. Ya kijana. Nilikuwa niirudishe Jumatatu."

"Na Jumapili ilikuwa wapi?"

"Kwa suruali ingine. Kwa nyumba yangu, pale Dagoretti Corner."

"Ukikimbia ni dakika kumi na tano."

"Ndio."

"Kwenda na kurudi, nusu saa."

Jamleck akainamisha kichwa. "Nilidhani gari ingine itapatikana haraka. Na mama alikuwa amesimama pale. Na watu wote. Ningesema ni mimi..." Akasukuma kikombe kando. "Kila mwaka nilisema nitasema. Kila mwaka ilikuwa ngumu kuliko ule uliopita."

"Ulisema ni ufunguo."

"Nilishtuka."

"Ulishtuka miaka kumi na minne?"

Alilia tena. Wanjira alimtazama akilia, kama mtu anayetazama mvua inyeshe kwenye shamba lisilo lake. Alipomaliza akamwambia hataenda kwa polisi wala kwa mzee wa kanisa. Anataka jambo moja. Kesho, Ijumaa jioni, ukoo wote utakuja kuomba na bibi harusi. Asimame aseme. Maneno mawili matatu tu: koili haikuungua, Mama Ciru hakuacha ufunguo, rota nilitoa mimi. Basi. Jumamosi atamshika Ciru mkono kama kawaida, na hakuna atakayemsumbua tena.

"Nitasema," Jamleck akasema. "Kwa haki ya Mungu."

Ijumaa nyumba ilijaa mpaka barazani. Shangazi na wajomba, akina mama wa chama na vitambaa vyao vichwani, watu waliokuwepo ile Jumapili na Biblia makwapani, wale ambao bado wako hai. Wanjira alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Alihudumia chai mwenyewe, moyo ukimpiga kama wa msichana. Wimbo ukaimbwa. Mchungaji akaomba. Kisha Jamleck akasimama.

Alisema vizuri, alikuwa mtu wa kusema vizuri. Aliongea juu ya Norman, jinsi alivyomlipia karo, jinsi alivyomfundisha gari. Sauti yake ikakatika, watu wakaguna kwa huruma. Akafika kwenye Pijo. Akafika kwenye ile Jumapili. Wanjira aliweka birika mezani. Jamleck akamtazama, akatazama watu, akameza mate.

"Na leo gari imefufuka," akasema. "Kwa hivyo mimi nataka kusema hivi, mbele ya Mungu. Sisi kama familia tulishamsamehe Mama Ciru. Mambo ya ufunguo yameisha. Ni makosa ya kibinadamu. Hakuna mtu anamshikilia."

Chumba kizima kikasema amina. Shangazi mmoja akamfuata Wanjira pale alipokuwa amesimama, akamkumbatia, akampapasa mgongo. "Umesikia? Umesamehewa, mama. Tupa huo mzigo."

Watu walipoondoka alimvuta Ciru chumbani, akamweleza yote, kuanzia koili hadi kuteksi. Ciru aliketi kitandani karibu na gauni jeupe lililotandazwa. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umemkauka.

"Nakuamini, Mum," akasema. "Woi, nakuamini. Lakini nani atanipeleka kesho? Familia ya Nashon wanangoja mzee wa upande wetu. Ukimtoa uncle, tunaanza kueleza nini, saa hii?" Akamshika mikono. "Tafadhali. Si kesho. Baada ya harusi sema yote, nitasimama na wewe."

Baada ya harusi. Wanjira aliwaza ni nani atakayekuwepo kusikia baada ya harusi. Mama mkwe alikuwa chini ya udongo na neno lake bado mdomoni. Wenzake wawili wa chama waliomsengenya nao walikuwa wameshafariki. Waliobaki walikuwa wamekwisha kumsamehe.

Jumamosi asubuhi Pijo ilisimama uani, imeoshwa, ina utepe mweupe kwenye boneti. Majirani walizunguka wamevaa, kama ile siku. Ciru na wasimamizi wake wakaketi nyuma, gauni limejaza kiti. Jamleck, suti mpya na ua kifuani, akaketi nyuma ya usukani. Akazungusha ufunguo.

Nga-nga-nga-nga.

Akazungusha tena. Nga-nga-nga. Watu wakaanza kuguna. Omollo, aliyekuwa amekuja na koti lake la kanisa, akapiga hatua moja mbele, kisha akamwona Wanjira alivyosimama, mkoba ameukumbatia kifuani, akarudi nyuma.

"Fungua boneti, Baba Cate," Wanjira akasema. "Wewe ndiye unajua gari."

Jamleck alitoka. Akafungua boneti. Mikono yake ilikwenda moja kwa moja kwenye distributa, kama mikono inayojua njia, ikafungua vibanio viwili, ikainua kifuniko. Akatazama ndani. Akabaki ameinama, mgongo wa suti uking'aa juani.

"Tuambie," Wanjira akasema, si kwa sauti kubwa. "Ni koili?"

Uani kulikuwa kimya. Kuku tu. Jamleck aliinua uso, na ulikuwa na jasho lilelile. Midomo yake ilifunguka. Wanjira aliisubiri. Angemsamehe hapo hapo; aliapa baadaye kwamba angemsamehe, laiti neno lingetoka. Midomo ikafungwa.

"Mum," Ciru akaita kutoka dirishani. Machozi yalikuwa yanaanza kuharibu poda. "Mum, tafadhali."

Wanjira akamtazama mtoto wake. Kisha akafungua mkoba, akatoa rota, akampita Jamleck kana kwamba ni nguzo, akaivalisha mwenyewe kwenye kijiti chake, akarudisha kifuniko, akafunga vibanio. Omollo alikuwa amemwonyesha mara moja tu. Akafunga boneti. Akanyoosha mkono mbele ya Jamleck, kiganja juu, mpaka akapewa ufunguo.

"Utaketi mbele hapo kando," akamwambia. "Nitaendesha mimi."

Gari liliwaka kwa mguso. Akina mama wakapiga vigelegele. Na katikati ya vigelegele alisikia yule shangazi akisema kwa mzaha, kwa upendo kabisa, "Mama Ciru, usisahau ufunguo tena!" Watu wakacheka. Jamleck, aliyeketi kando yake, alitazama mbele.

Kanisani aliegesha, akangoja watu washuke, akafungua boneti, akatoa rota, akaifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili. Ibada ilikuwa nzuri. Jamleck alimshika Ciru mkono akampeleka mbele, hatua kwa hatua, akaulizwa ni nani anayemtoa bibi harusi huyu, akajibu kwa sauti safi, na watu wakampigia makofi.

Kisha wakaambiwa wainamishe vichwa waungame. Wanjira aliinamisha chake. Neno lake la kila Jumapili likaja lenyewe mpaka ulimini, akalirudisha. Hakuwa na ufunguo wa kuombea msamaha. Lakini hakuwa pia na kingine cha kuungama, na Mungu aliyesikia ombi moja lile lile miaka kumi na minne hakuwa amemwambia hata siku moja kwamba anakosea. Walipofika kwenye sala ya Bwana, pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti zote zilipanda pamoja, na ya Jamleck ilikuwa juu kuliko nyingi. Wanjira alifumba mdomo. Alifinyanga fundo la leso kwa vidole mpaka sala ikapita, na waliposema amina, yeye alikuwa bado amekaa kimya.